Dozi iliyopimwa kwa tezi yangu

Nilisafiri kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam kupokea iodini yenye mionzi, dawa ya kuipunguza nguvu tezi, kwa kuwa tezi yangu ya thairoidi, iliyo shingoni, imekuwa ikifanya kazi kupita kiasi, moyo ukienda mbio hata nikiwa nimeketi barazani. Kilichonigusa ni kwamba daktari hakunipa dozi ya jumla. Kwanza nilimeza kiasi kidogo cha kupimia, na baada ya saa 24 kipimo kilichowekwa mbele ya shingo kikaonyesha kuwa tezi imefyonza asilimia 60. Alikadiria uzito wake kuwa gramu 40, akapanga maikrokyuri 150 (kipimo cha mionzi) zibaki katika kila gramu, akapiga hesabu nikiona: 40 mara 150, kisha kugawanya kwa asilimia 60 inayofyonzwa, ni maikrokyuri 10,000, yaani milikyuri 10. Mwenye tezi ya uzito uleule inayofyonza asilimia 30 angehitaji 20. Hata hivyo, alinieleza wazi kwamba hesabu hiyo haiondoi uwezekano wa tezi kufanya kazi chini ya kiwango baadaye, na mimi kuhitaji vidonge vya homoni maisha yangu yote. Nilirudi kwa gari la kaka, nikiwa peke yangu kiti cha nyuma, ili mionzi iliyo mwilini mwangu isiwafikie wengine kwa karibu. Ninalala chumba changu, na mwanangu mdogo, aliyezoea kunipanda mapajani, ananipungia mkono kutoka mlangoni.