Haiku: siku ya kwanza haikuwaka

Siku ya 1

Haiku ni mfumo endeshi wa kompyuta, kama Windows au Linux. Kwa Mswahili jina hili lina mkosi. Ukitamka "Haiku" sikio linangoja kitenzi: haikuwaka, haikusoma, haikukubali. Usiku wa kwanza nilipata kimojawapo.

Mashine ni laptopu ya zamani: Intel Core i5 ya kizazi cha 3, RAM GB 4, SSD ya GB 120, betri yenye pumzi ya saa moja. Linux inaiweza bila shida, lakini Linux nimeizoea. Nilitaka kitu kisicho cha ukoo huo. Haiku ina kerneli yake, yaani kiini cha mfumo. Mradi ulianza 2001 kwa jina la OpenBeOS, mwaka uleule ambao Palm ilinunua mali ya kampuni ya Be Inc. na BeOS, mfumo endeshi wake, ikabaki yatima. Watu wa kujitolea wakaamua kuiandika upya yote. Jina la sasa likaja 2004. Toleo nililopakua mimi ni R1/beta5, la Septemba 2024. Ndiyo, miaka ishirini na ushee na bado tuko kwenye beta, yaani matoleo ya majaribio. Hawa hawana haraka.

Niliiandika kwenye flashi kwa dd, amri ya kunakili data moja kwa moja. Ilipoendeshwa kutoka kwenye flashi kila kitu kilikwenda: aikoni zikawaka moja baada ya nyingine, roketi mwishoni, halafu yakaja yale madirisha yenye vichupo vya njano. Waifai ikajitokeza bila kuombwa, na hapo FreeBSD inastahili shukrani, maana draiva nyingi za mtandao zimetolewa huko. Nikagawa diski kwa DriveSetup, nikaendesha Installer, programu ya kusakinisha, nikachomoa flashi, nikawasha upya. Skrini nyeusi. Haikuwaka.

Siku ya 2

Kosa ni langu, sikusoma maelekezo. Kwenye mashine ya UEFI (programu ya ndani inayoiamsha kompyuta), Installer inanakili mfumo tu. Kile kiprogramu kidogo cha kuuamsha unakipeleka mwenyewe. Nilirudi kwenye flashi, nikafungua diski iitwayo "haiku esp", ndani yake nikakuta EFI/BOOT/BOOTX64.EFI. Faili hilo linatakiwa kukaa kwenye patisheni (kipande cha diski) ndogo ya FAT32 mwanzoni mwa SSD, kwenye folda zenye majina yaleyale. Mimi sikuwa nimetenga patisheni hiyo kabisa, kwa hiyo nikafuta na kuanza upya. Kazi ya dakika kumi iliyonigharimu jioni nzima.

Imewaka.

Siku ya 5

Wepesi wake si wa kusimuliwa. Nikifungua folda inakuwa imeshafunguka kabla kidole hakijaondoka. RAM haijafika MB 500 nikiwa sijafungua programu yoyote.

Sasa machungu. Kivinjari chake, WebPositive, kinatosha kwa kurasa za maandishi, lakini tovuti nzito zinakizidi. Falkon, kivinjari kingine nilichokipata HaikuDepot, ghala la programu la Haiku, ni afadhali. Video haisaidiwi na chipu ya michoro. Kichakataji ndicho kinachobeba mzigo wote, feni inalia kama imechokozwa. Na jambo litakalowakatisha tamaa watu wa laptopu: hakuna kulala. Ukifunga kifuniko, mashine inaendelea kukesha mpaka betri iishe. Mimi nimeiacha mezani imechomekwa kwenye umeme, ukaisha ubishi.

Siku ya 9

Hapa ndipo nilipokaa wima.

Faili la kawaida ninalolijua lina jina, ukubwa na tarehe. Kwenye BFS, mfumo wa mafaili wa Haiku, unaweza kulibandika faili sifa zozote uzitakazo, na sifa hizo zikatafutwa kama hifadhidata. Barua pepe, kwa mfano, ni faili moja moja zenye sifa za mtumaji na mada. Mtu kwenye orodha yako ya anwani naye ni faili, halina kitu ndani. Jina na simu yake vyote ni sifa.

Nina PDF za makala nilizozipakua kwa miaka, zimerundikana kwenye folda moja kama nguo zisizokunjwa. Nikafungua terminali, nikazibandika zote sifa ya hali yenye neno "bado":

addattr Makala:hali bado *.pdf

Kisha mkindex Makala:hali ili sifa hiyo iwe na faharasa. Nikatafuta. Sifuri. Nikatafuta tena, nikadhani nimekosea herufi. Kumbe faharasa inaandikisha kuanzia inapoundwa. Mafaili yaliyopata sifa kabla yake hayaoni. Mpangilio sahihi ni kuunda faharasa kwanza. Kwa aliyechelewa kama mimi ipo amri ya reindex, au unarudia addattr tu.

Mara ya pili zikamiminika zote dirishani. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba dirisha la matokeo liko hai: nilipobadilisha hali ya makala moja kuwa "nimesoma", ilitoweka kwenye orodha mbele ya macho yangu, bila kuonyesha upya chochote. Nilirudia mara nne kwa ajili ya raha tu. (Angalizo: ukinakili faili kwenda flashi ya FAT32, sifa zote zinabaki nyuma. Funga kwa zip ya Haiku yenyewe kwanza.)

Siku ya 14

Nilisasisha mfumo, sauti ikapotea. Kwingine ningeanza kusaka draiva. Huku vifurushi vya programu havifunguliwi na kutawanywa. Vinapachikwa vilivyo, kwa kusomwa tu, na hali ya zamani huhifadhiwa kila unaposasisha. Nikabonyeza kitufe cha nafasi wakati wa kuwasha, nikachagua hali ya tarehe ya juzi, sauti ikarudi. Nitasubiri kidogo kabla ya kujaribu tena.

Kinachofuata ni sifa ya pili, mada, na safu yake kwenye Tracker (dirisha la mafaili la Haiku) kupitia FileTypes (mipangilio ya aina za mafaili), ili nipange kwa kubofya badala ya kuandika amri. Dirisha la "bado" nimeliacha wazi pembeni. Lina makala 312. Wiki iliyopita zilikuwa 312.