Kitaa kilichokonyeza 15

Wiki ya pili sasa Mazda MX-5 yangu ya 1991 ikisimama kwenye foleni inatetemeka kama ina homa. Fundi kasema ni sensa ya oksijeni, ile inayopima oksijeni kwenye moshi wa gari. Mashine za kisasa za kupimia haziingii kwa huyu mzee, basi jana nikafungua kile kisanduku cha kupimia hitilafu chini ya boneti: waya kutoka tundu la TEN hadi la GND, kitaa cha LED kati ya matundu ya FEN na B+, swichi ya gari ON. Mkonyezo mrefu mmoja (kumi), mifupi mitano (tano): msimbo wa hitilafu 15. Sensa ya oksijeni kweli!

Nusura nitoe hela ya sensa mpya. Nikaubinya kwanza mpira mnene wa hewa, ule unaotoka kwenye kipima hewa. Upande wa chini, pasipoonekana, umepasuka urefu wa kidole. Hewa inapenya bila kupimwa, inazidi petroli, sensa masikini inasema ukweli tu! Nimezungushia tepu nyeusi, gari limetulia. Mpira mpya nimeagiza.