Nanga nne za tezi: Matendo 27:27–38

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Sisi wa Moshi tuko mbali na bahari, na sura hii ya Paulo, mfungwa anayepelekwa Rumi kwa merikebu, huhubiriwa haraka: tufani, malaika, wokovu. Lakini Luka ameandika kazi ya mabaharia hatua kwa hatua, na tusiiruke.

Usiku wa 14 wa tufani mabaharia wanahisi nchi iko karibu. Wanatupa bildi, kamba yenye kitu kizito cha kupimia kina: pima 20, kama mita 36. Wanasogea kidogo, wanatupa tena: pima 15, kama mita 27. Kipimo cha kwanza kimewaonyesha walipo. Cha pili ndicho kinachowaonyesha kwamba wanaendea miamba.

Ndipo wanatupa nanga nne za tezi, yaani upande wa nyuma wa chombo. Kwa kawaida nanga hutiwa omo, yaani mbele, chombo kikageuka kuukabili upepo. Hapa upepo ulikuwa unawasukuma pwani. Wangetia omo, asubuhi wangelazimika kukigeuza chombo upya katikati ya mawimbi. Kwa kutia tezi, omo ilibaki imeelekea nchi kavu. Kukicha, kazi ni kukata kamba, kulegeza sukani na kutweka tanga.

Na mbona nne? Nanga haishiki kwa uzito peke yake. Hushika ikivutwa imelala chini. Kamba ikiwa fupi, wimbi hukiinua chombo na kuing'oa. Hata leo anayengoja hali ya hewa kati ya visiwa vya mawe hulegeza kamba mara tano hadi saba ya kina. Kwa pima 15 hiyo ni mita 135 au zaidi. Kwenye mchanga au tope nanga hushika vizuri. Kwenye mwamba mtupu huteleza, au hunasa isitoke tena. Ndiyo maana nne: moja ikiteleza, nyingine zishike. Hata hivyo mtu wa zamu huchagua alama mbili nchi kavu zilizo mstari mmoja, na zikianza kuachana anajua nanga inaburura.

Gizani wale hawakuwa na alama yoyote. Walikuwa na ahadi aliyopewa Paulo, kwamba hakuna atakayepoteza maisha. Hata hivyo, mabaharia walipoteremsha mashua ili watoroke, Paulo alimwambia akida, mkuu wa askari, wazi kwamba hao wasipobaki merikebuni, hawataokoka. Mtu mwenye ahadi ya Mungu mkononi bado aliwahitaji wanaojua kamba na tanga! Mimi naona hapo ndipo penye uzito wa sura nzima.

Kulipokaribia kucha Paulo akawahimiza wote wale chakula. Akatwaa mkate, akashukuru mbele ya wote, akala kwanza yeye. Watu 276 wakashiba, ndipo wakatupa ngano baharini kukipunguzia chombo uzito.

Katika jumuiya zetu za Pasua na Majengo wapo wanaosubiri majibu ya vipimo hospitali ya KCMC, au hukumu ya kesi ya shamba. Wiki hii tukiwatembelea, tuombe nao, tuwahimize wasiache dawa wala miadi ya daktari, na twende na chakula kilichokwisha kupikwa.