Mie nlikuwa upande wa Namor

Najua nimechelewa, filamu ya Wakanda Forever, ya ile nchi ya kubuni ya Afrika iitwayo Wakanda, imetoka 2022 na watu washaisahau, lakini juzi watoto wa kwa mjomba walikuja na flashi wakaiweka, mie nikakaa kutizama na hasira zangu za zamani zikarudi mbichi.

Sikatai, wanawake weusi ndo wanaoendesha nchi mle ndani, na Ruth Carter, mbunifu wa mavazi, kachukua Oscar ya pili kwa yale mavazi. Pale malkia, Angela Bassett, anapomvua Okoye, mkuu wa askari wake wa kike, ujenerali mwili ulinisisimka wallahi.

Ila mie mtu wa pwani nikiitizama Wakanda sijioni. Watu wa milimani, wamejifungia, hawajachanganyika na mtu. Ile filamu ya kwanza, Black Panther ya 2018, wanawake wa mabuibui walotokea ni wale walotekwa kule Sambisa, Nigeria, pamoja na wanaume wa mabunduki walowateka, basi, Uislamu wa Afrika ukaishia hapo. Sie wa kanzu na kofia za viua hatumo.

Sasa ndo akaja Namor, mfalme wa watu wa chini ya bahari, adui wa Wakanda. Kwenye vitabu vya katuni tangu 1939 alikuwa mtu wa Atlantis, Ryan Coogler, muongozaji wa filamu, kamgeuza Mmaya, wale wenyeji wa Meksiko, mamake kakimbilia baharini kwa ndui na Wahispania, na siku anayorudi nchi kavu kumzika anakuta watu wanatumikishwa shambani kama wanyama, anachoma kila kitu. Watu wa bahari walokumbwa na meli za wageni! Kwetu Wareno walikuja karne hiyohiyo, na Pemba mpaka leo ng'ombe wanachezwa, mchezo unaosemwa kuwa wao ndo walouacha. Nikasema haya, hawa ndo sie.

Kisha wakafanywaje? Wakapiganishwa na Wakanda. Walowasha moto ni Wafaransa walovamia kituo cha Wakanda kule Mali na Wamarekani na mashine yao ya kutafutia vibraniumu, yale madini ya ajabu ya Wakanda, baharini, lakini ukitoa wale wa melini walouliwa mwanzo, wanaouana ni weusi na Wamaya, wakubwa wako ofisini wanapanga, na mwisho anaesalimu amri ni Namor.

Mdogo wangu akanambia, "Dada, weye kila kitu siasa, si utizame watu wanavopigana."

Siasa nimeitia mie? Tiketi waliziuza kwa siasa hiyohiyo!

Coogler keshasema ya tatu inakuja. Ombi langu moja tu, atie bandari. Majahazi, wachukuzi, na bibi mmoja wa buibui anabishania bei ya vibraniumu mpaka Shuri, binti wa malkia, anachoka.