Nilivyootesha mboga juu ya lava, nyuma ya jiko letu

Nyumba ya kwanza ya wazazi wangu iko chini ya miguu yetu. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipopasuka, lava ilishuka mpaka kwetu Mapendo, hapa Goma, mashariki mwa Kongo, ikafunika mtaa, ikaendelea kuteremka mpaka Ziwa Kivu. Ilipopoa, Baba alirudi, akakisia mipaka ya parsele yake, yaani kiwanja chake, akajenga nyumba ya mbao na mabati juu ya jiwe lilelile. Mbele ya nyumba alisawazisha. Nyuma ya jiko hakugusa.

Pale nyuma palikaa hivyo miaka 18. Mawe meusi yenye meno, yanayokata kandambili. Katikati yake lile kuvu la kijivu ambalo huwa la kwanza kuota juu ya lava, na vichaka viwili vitatu vilivyojifia. Kila kitu kisichotakiwa nyumbani kilitupwa kule: vidumu vilivyopasuka, chupa, betri za redio, nguo zilizooza. Nilikuwa nawakataza watoto kupita huko.

Mimi ni mchuuzi wa mboga. Kila asubuhi nilivuka bariyeri ndogo, kivuko cha mpakani, kuingia Gisenyi upande wa Rwanda, nanunua shu (kabichi), karoti na pwaro (vitunguu vya majani), narudi kuuza mtaani Birere, hapa Goma. Machi 2020 mpaka ukafungwa kwa sababu ya korona, na biashara yangu ikasimama siku hiyohiyo. Mboga za Kibumba na Masisi ziliendelea kushuka mjini, lakini kwa mtu asiye na mtaji bei haikugusika. Jioni moja nilipokuwa nikimwaga majivu nyuma ya jiko nilisimama nikapapima kwa hatua: kumi kwa sita. Nikamwambia mwanangu mkubwa, kesho tunaanza.

Kutoa uchafu kulichukua wiki nzima. Betri na vioo niliviokota mwenyewe kwa mkono, kipande kwa kipande, kwa sababu mahali mtu atakapokula hapafai kuachwa sumu. Kisha tukashika nyundo kubwa na mtaimbo. Tabaka la juu la lava limevunjikavunjika, linang'oka kirahisi. Chini yake kuna jiwe moja kubwa ambalo hata ufanye nini halikuachii. Hapo niliacha kupambana nalo. Mawe tuliyong'oa tukayapanga kuwa kuta za matuta, bila simenti, jinsi kuta nyingi za Goma zinavyojengwa: jiwe kubwa chini, dogo juu, na kila jiwe linashikwa na mawili.

Nikanunua udongo mweusi, chukudu tisa, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Kijana wa chukudu alikuwa anaumwaga moja kwa moja juu ya mawe, nami nausawazisha kwa furaha kabisa. Nikamwaga mbegu za lengalenga, yaani mchicha. Siku ya nne ikanyesha mvua kubwa, ile ya Aprili. Asubuhi nilikuta karibu nusu ya udongo wangu haupo. Haukumwagika nje ya kuta, ulikuwa umemezwa. Lava ina nyufa na matundu kila mahali, maji yakipita yanashuka na udongo. Nililia pale, sioni aibu kusema. Zile chukudu tisa zilikuwa fedha ya mwisho ya mtaji.

Jirani yetu, mzee mmoja aliyezaliwa Kibumba na kufanya kazi ya uashi maisha yake yote, alinikuta nimekaa juu ya ukuta.

“Mama Furaha, jiwe halishibi udongo,” akaniambia. “Lishibishe changarawe kwanza.”

“Muzee, changarawe nitaitoa wapi?”

“Umeikalia.”

Tukarudia kazi yote, na hii ndiyo sehemu ambayo ningependa mtu wa Goma aisome polepole. Tulichota udongo uliobaki, tukauweka pembeni juu ya turubai. Tukaponda mawe: kwanza vipande vya ukubwa wa ngumi, tukavishindilia ndani ya nyufa kwa mtaimbo, halafu vya ukubwa wa maharagi, halafu mchanga mweusi unaobaki baada ya kuponda. Mzee alikuwa akimwaga maji kwa kopo na kuangalia yanavyoshuka. Yakikimbia, tunarudia. Yakienda taratibu, anatikisa kichwa kukubali. Juu ya hapo tukatandaza magunia ya zamani ya makala (mkaa), migomba iliyokatwakatwa na majani yake, kisha taka za jikoni, na mwisho udongo. Magunia na migomba vinaoza, lakini vinapooza tayari mizizi imeshika na udongo umetulia. Maji ya ziada bado yanapita, na hilo ni zuri, maana mvua zetu zingeozesha mizizi.

Kwa kuwa udongo sikuwa na fedha ya kuuongeza, niliutengeneza. Maganda ya ndizi, viazi na maharagi nilikusanya kwangu na kwa majirani watatu. Dada mmoja anayefuga sungura alinipa samadi yao, ambayo ina sifa ya kutounguza mimea hata ikiwa mpya. Majivu ya makala nilitia kidogo tu. Nilipozidisha kwenye kona moja, miche ilidumaa ikawa ya njano. Rundo niligeuza kila wiki kwa koleo, nikalifunika lisilowe kupita kiasi. Baada ya miezi mitatu hivi lilinukia kama msitu baada ya mvua, na ndipo nilipoamini.

Lengalenga ilikuwa ya kwanza kula, wiki ya nne tangu kupanda. Shu zilichukua miezi mitatu na zaidi baada ya kuhamishwa kutoka kitaluni. Karoti za kwanza zilitoka zimepinda, zina miguu miwili, kwa sababu zilikutana na mawe. Nikainua tuta lile hadi nusu mita, zikanyooka. Pwaro na seleri zinavumilia, na ndizo zinazoniletea fedha ya kila siku, kwa kuwa kila mama anayepika mchuzi anahitaji kifungu kidogo. Juni hadi Agosti ndiyo miezi migumu: jiwe jeusi linachemka, udongo unakauka kuanzia ukutani. Nafunika matuta kwa nyasi kavu, namwagilia jioni tu, kwa maji ya mvua niliyokinga kwenye mabati na maji niliyooshea mboga. Ya sabuni sitii.

Halafu ikaja usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Volkano ikapasuka tena, tukakimbia, tukarudi, na siku tano baadaye tukaambiwa tuhame. Tukaenda Sake, mji mdogo magharibi mwa Goma, na kila kitu kichwani. Tuliporudi Juni, lava haikuwa imetufikia. Lakini yale matetemeko yaliyofuata yalikuwa yamebomoa upande mmoja wa matuta mawili, na majivu ya volkano yamelala juu ya kila jani. Lengalenga yote niling'oa nikaitupa. Sikuwa tayari kumlisha mtoto kitu nisichokiamini. Shu nilitoa majani ya nje, ya ndani nikayaosha mara tatu. Kuta nilizipanga upya kwa mchana mmoja, na hapo nikamshukuru Mungu kwamba sikutumia simenti: ukuta wa simenti ungepasuka, huu ulimwagika tu.

Sasa yako matuta manne. Baba amezeeka, magoti yanamsumbua, lakini kila asubuhi anataka kiti chake kipelekwe nyuma. Mwezi uliopita alinyoosha fimbo kuelekea kona ya ukuta, mahali ambapo bado ni mawe matupu.

“Pale chini ndipo mama yako alipokuwa na mti wake wa avoka, parachichi,” akasema.

Nilikuwa sijui. Jana tumeanza kuponda changarawe ya pale. Mzee jirani amekuja na kopo lake la maji, na mbegu ya avoka iko dirishani, imeshapasuka.