Hatua ya Tatu

Katika nyumba ya upataji nafuu niliyokaa Unguja, tulifuata zile hatua 12 za kuachana na dawa za kulevya, na ya kwanza haikunipa shida. Inamtaka mtu akiri kwamba uraibu umemshinda, nami niliyekwisha kuuza hadi cherehani cha mama kwa ajili ya kete sikuwa na la kubisha. Ya tatu ndiyo iliyonikwamisha, kwa kuwa inataka mtu aamue kuyakabidhi maisha yake kwa Mungu kwa kadri anavyomfahamu, na mimi simwamini Mungu. Watu hudhani unga ndio ulioniondolea imani, ilhali iliniondoka nikiwa bado shuleni, na akili zangu timamu.

Wenzangu walinishauri nitamke tu, kwani hakuna anayekagua moyo wa mtu. Ushauri huo ulinitisha kuliko hatua yenyewe. Uongo ndio uliokuwa kazi yangu nilipokuwa teja: niliuguza ndugu wasiougua na kuchangisha nauli za safari ambazo sikuzifunga. Sikutaka na kupona nako nikuanze kwa njia hiyo.

Jioni moja nilimweleza mshauri wetu, mzee tuliyemwita Ami, aliyeacha unga miaka mingi nyuma na asiyekosa sala hata moja. Alikuwa barazani akisuka dema, na hakuliweka chini.

“Imani yako ni baina yako na Mola wako, mwanangu,” alisema. “Mimi nakuuliza hivi: pesa zikiwa mkononi mwako, unajiamini?”

“Hapana, Ami.”

“Basi nikabidhi mimi.”

Nilimpa kadi ya benki, namba yake ya siri na laini ya simu, akaviandika vyote kwenye daftari. Kisha akauliza ni saa ngapi hamu hunizidi. Nilimjibu kwamba ni magharibi, wenzangu wanapokwenda kusali nami nikabaki peke yangu, na tangu siku ile saa hiyo ikawa ya jikoni, nikikuna nazi pamoja na kijana mmoja Mkristo kutoka bara.

Baadaye nilisoma kwamba maneno “kwa kadri tulivyomfahamu” yaliwekwa na walevi wa Marekani walioziandika hatua hizo katika kitabu chao cha mwaka 1939, kwa sababu miongoni mwao walikuwamo wasioamini waliokataa kulazimishwa. Kumbe ubishi wangu una umri sawa na programu yenyewe.

Kwenye mkutano uliofuata nilisema nimekabidhi pesa zangu, laini yangu na magharibi zangu kwa watu wa nyumba ile. Mmoja alisimama kupinga kwamba hiyo si hatua ya tatu hata kidogo, na Ami akamwomba aketi niendelee. Hakuridhika, na mpaka leo tukikutana Darajani huniuliza kama nimeshaifanya, nami humjibu kwamba kadi ya benki bado anayo Ami.