Dakika 90 za jioni: ninavyozipanga kazi za nyumbani hapa Mwanza

Nafika nyumbani Mabatini saa 12 na nusu jioni. Jua la Mwanza huzama karibu saa 1, kwa hiyo mwanga wa bure unaobaki ni wa nusu saa tu, na watoto natakiwa niwe nimewalaza saa 3. Ukitoa muda wa kula na wa kukagua madaftari, zinabaki dakika 90 hivi za kazi za mikono. Kazi zenyewe, ukizijumlisha zote, ni za saa 4. Hakuna kasi itakayoziingiza saa 4 ndani ya dakika 90. Kinachowezekana ni kuchagua, na kuchagua vizuri kunahitaji kipimo.

Wengi wetu huanza na kinachokera macho: sebule yenye makombo, uwanja wenye majani. Mimi nimeacha. Kila kazi naiuliza kama ikilala mpaka kesho itabaki ileile au itakuwa mbaya zaidi. Sebule isiyofagiliwa leo, kesho ni dakika 5 zilezile. Sato asiyepasuliwa leo, kesho ni hasara. Sufuria ya ugali isiyolowekwa leo itakugharimu nusu saa ya stilwaya kesho. Kisha naangalia kama kazi hiyo ina sehemu inayojifanya yenyewe nikiwa kwingine, kama maji kujaa, maharage kulowa au mkaa kushika moto. Yenye sehemu hiyo inaanzwa kwanza, hata kama itamalizika mwisho.

Maji ndiyo yanayotangulia, kwa sababu bila maji kazi nyingine zote zinasimama. Sisi tunaokaa mlimani kwenye mawe tunajua presha ilivyo: watu wa bondeni wakiwa wamefungua mabomba, huku juu yanachuruzika. Familia ya watu 5 kwetu inatumia karibu madumu 5 ya lita 20 kwa siku: dumu 1 la kupikia na kunywa, 2 za kuoga, 1 la vyombo na usafi, 1 la choo. Hizo ni lita 100, kwa hiyo pipa la lita 200 linatupa siku 2, na lisipojazwa kabla halijafika nusu, siku ya mgao itakukuta mikono mitupu.

Sisimami bombani kusubiri. Napima dumu la kwanza kwa saa ya simu. Likichukua dakika 4, pipa tupu, ambalo ni madumu 10, litachukua dakika 40. Likichukua 9, ni saa moja na nusu. Naweka mpira kwenye pipa, natega kengele ya simu dakika 5 kabla ya muda huo, naenda kufanya mengine. Hapa kuna kosa ambalo nimeliona nyumba nyingi: ncha ya mpira inazamishwa ndani ya maji ya pipa. Presha ikishuka ghafla, bomba linaweza kunyonya maji kurudi nyuma, yakaingia kwenye mfumo wanaotumia na majirani. Funga mpira kwenye ukingo kwa kamba, ncha ikae juu ya maji. Pipa likijaa linafunikwa mara moja, kwa mfuniko unaoshika, maana mbu hutaga hata kwenye maji masafi. Maji ya kunywa yanachotwa kwa kata yenye mpini mrefu, kamwe si kikombe kinachozamishwa pamoja na vidole.

Bomba likikauka kabisa, kishawishi ni kubeba karai la nguo mpaka ziwani. Mimi siendi, na ninamsihi kila mzazi asimtume mtoto. Kichocho cha tumbo kipo katika mwambao huu wa Ziwa Victoria, na vijidudu vyake hutoka kwenye konokono kwa wingi zaidi jua likiwa kali, kuanzia karibu saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana, saa zilezile watu wanapofua wakiwa wamesimama majini. Maji ya ziwa yakibidi, yanaletwa nyumbani kwenye madumu na kuachwa yakae siku 2 nzima yakiwa yamefunikwa. Vijidudu hivyo visipompata mtu hufa ndani ya muda huo, na maji yanafaa kufulia na kuogea. Kunywa ni jambo jingine. Ya kunywa lazima yachemshwe.

Mpira ukishaingia kwenye pipa, nawasha mkaa, uani, kwa sababu jiko linataka dakika 15 hadi 20 kushika vizuri. Haliingizwi ndani hata mvua ikinyesha. Hewa ya mkaa haina harufu na inaua watu waliolala.

Mkaa wa jioni moja una moto wa aina tatu, na kila moto una kazi yake. Moto mkali wa mwanzo ni wa kukaangia samaki na kuchemshia maharage. Moto wa kati ni wa mboga na ugali. Moto unaofifia ni wa maji ya kunywa na ya kuoga. Ukigeuza mpangilio, ukaanza na maji ya kuoga, utaongeza mkaa mara mbili na utakula saa 4 usiku.

Kuhusu maji ya kunywa, watu wengi wanayaacha yatokote dakika 10 hata 20, mkaa unaishia hapo. Mwanza iko karibu mita 1,140 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hiki, maji yakishatokota kwa mapovu makubwa, dakika 1 inatosha. Dakika 3 ni kwa watu wanaoishi juu ya mita 2,000. Kama maji yana vumbi au utelezi, yaache yatulie kwanza, uyachuje kwa kitambaa safi, ndipo uyachemshe. Yanapoa ndani ya sufuria ileile iliyofunikwa, na asubuhi yanamiminwa kwenye chombo cha kunywea.

Mkaa ukiwa bado unashika, ndio muda wa samaki. Sato mwenye kilo 1 ananichukua dakika 6: magamba, matumbo, matamvua, kisha ule utando mweusi ulio ndani ya tumbo, ambao usipoutoa unaacha uchungu. Matumbo na matamvua ndiyo yanayoanza kuharibika, ndiyo maana samaki aliyetolewa vitu hivyo, akakatwa mistari, akapakwa chumvi na limau, anakusubiri ukimalize kingine bila wasiwasi. Asiye na friji amkaange jioni hiyohiyo. Mwenye friji naye asiiamini sana, umeme ukikatika usiku friji ni kabati tu. Siku ninayofika baada ya saa 1, situmii nguvu hizo. Nanunua aliyekaangwa tayari. Tofauti ya bei ni ndogo kuliko dakika 25 na mafuta ninayookoa.

Dagaa ndio rafiki wa mtu mwenye haraka, tatizo lao ni mchanga, kwa sababu wengi huanikwa chini ufukweni. Kuwaosha kwa kumwaga maji juu na kuchuja hakusaidii, mchanga unarudi nao. Waloweke kwenye maji ya vuguvugu dakika 5, wakoroge, kisha wainue kwa mikono kutoka juu ukiuacha mchanga chini. Rudia mara 3, kila mara maji mapya, na beseni la mwisho likiwa na chembe hata kidogo, rudia ya nne. Kazi hii mimi siifanyi jioni. Jumamosi nikitoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba na dagaa wa wiki nzima, nawatoa vichwa, nawaosha, nawaanika tena mpaka wawe wakavu wa kuvunjika, nawafunga kwenye ndoo yenye mfuniko. Wakifungwa na unyevu, hasa miezi ya masika, wanaota ukungu ndani ya siku chache, na hao ni wa kutupa. Jioni ya kazini inabaki kuwaunga tu kwa kitunguu na nyanya: dakika 12.

Maharage nayo yanapikwa na mpangilio kuliko mkaa. Usiku naloweka vikombe 2 vya maharage kwa vikombe 6 vya maji. Asubuhi namwaga maji hayo na kuweka mengine ili yasichache na joto la mchana, na jioni nayamwaga tena kabla ya kupika kwa maji mapya. Naweka jikoni yatokote kwa nguvu dakika 20. Hapo usipunguze: maharage mekundu yaliyochemshwa kwa moto hafifu yanabaki na sumu inayotapisha, na yanahitaji angalau dakika 10 za kutokota kwelikweli. Kisha sufuria, ikiwa na mfuniko wake, inaingia kwenye kapu kubwa nililolijaza nguo kuukuu na blanketi, inafunikwa juu kwa mto. Joto lake lenyewe linaendelea kuivisha, nami sina jiko la kuangalia. Yakikaa humo kwa muda wa saa 3 hivi yameiva, yanarudi jikoni dakika 10 yatokote tena, yanaungwa. Hivyo ya leo jioni ni ya kesho, si ya leo. Kapu linashindwa pale sufuria inapokuwa nusu tupu, kwa sababu kilicho kidogo kinapoa haraka. Chagua sufuria inayojaa. Nyanya na chumvi zinaingia mwisho, maana nyanya inakaza ganda la haragwe. Nikitaka kubakiza bila friji, nayabakiza hayajaungwa, na yanachemshwa asubuhi na jioni.

Vyombo havilali. Hii kwangu haina mjadala, kwa sababu ya mende na panya. Lakini kuosha kunaanza wakati wa kupakua: sufuria ya ugali inamiminiwa maji baridi hapohapo, na tukimaliza kula ukoko unainuka wenyewe kwa mwiko. Vyombo vya samaki vinasuuzwa kwanza kwa maji baridi, kwa sababu maji ya moto yanaivisha mabaki na kuyagandisha na shombo lake. Sabuni na maji ya vuguvugu ni raundi ya pili, na ganda la limau lililokwisha kukamuliwa linapita mwishoni. Glasi na vikombe vinatangulia, sahani zinafuata, masufuria ya mwisho. Matumbo na magamba yanafungwa kwenye gazeti, yanawekwa kwenye ndoo yenye mfuniko jioni hiyohiyo, vinginevyo paka na mbwa watakuachia kazi ya uwanja mzima asubuhi.

Nguo nafua Jumatano na Jumamosi. Kila siku ni chupi, soksi na kola za mashati ya shule tu: shati likivuliwa, kola inapakwa sabuni ya mche ikiwa kavu, na baada ya chakula inasuguliwa dakika 1. Kuloweka usiku kucha ni kosa la kawaida. Nusu saa inatosha. Ikilala inatoa harufu na rangi zinaingiliana. Siku za kufua, maji yanapokezana: nyeupe zinatangulia, maji yao ya sabuni yanapokea za rangi, kisha suruali nzito, kisha yanapiga deki, na ya suuza ya mwisho yanakwenda chooni. Kwa njia hiyo madumu 4 yanafanya kazi ya 8. Anika asubuhi kabla hujatoka, maana mchana upepo wa ziwani unavuma kuja nchi kavu na nguo zinakauka upesi. Kung'uta kila nguo kwa nguvu kabla ya kuianika, na mashati yaning'inizwe kwenye henga. Nusu ya kupiga pasi imekwisha hapo. Pasi yenyewe ni Jumapili, sare za siku 5 kwa mkupuo, kwa sababu kuwasha pasi ya mkaa kwa shati moja ni kupoteza mkaa na muda.

Watoto wana sehemu yao, wa kiume na wa kike sawa. Wa miaka 9 anaosha vikombe na kukunja nguo, wa miaka 12 anamenya na kufagia jikoni, wa miaka 5 anakusanya viatu. Kazi haibadilishwi kila siku; kila mmoja anakaa nayo wiki nzima, maana kuelekeza upya kila jioni kunakula dakika zilezile ninazozitafuta. Hakuna anayesogea jiko la mkaa likiwa linawaka.

Kinachobaki nakiacha bila kujilaumu: madirisha, uwanja, makabati, mashuka yasiyopigwa pasi. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, vumbi ni jingi, basi chumba cha kulala kinanyunyiziwa maji kidogo na kufagiliwa hata kama sebule itabaki.

Vyandarua vinasubiri Jumamosi, mara moja kila miezi 3 hivi, kwa sabuni ya mche na maji baridi, bila dawa ya kung'arisha nguo. Vinaanikwa kivulini, kwa sababu jua kali linapunguza dawa iliyomo, na vinarudi kitandani kabla ya saa 12 jioni siku hiyohiyo.